DAKTARI MARIA MONTESSORI: MWALIMU WA WATOTO WADOGO UGENINI

Jina la Montessori husomwa kwenye vibao vya shule nyingi za chekechea hapa nchini, na masista wa Ushirika wa Neema mjini Moshi wamewaandaa walimu kwa njia inayoitwa kwa jina hilo. Lakini si kila mzazi ampelekaye mtoto huko anajua kwamba lilikuwa jina la mama mmoja wa Kiitalia, daktari, ambaye sehemu kubwa ya hekima yake aliipata uzeeni, akiwa mgeni katika nchi ya mbali na akihesabiwa kuwa raia wa adui.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, Italia. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma wakati ambapo wanawake katika masomo hayo walikuwa wa kuhesabika, akahitimu mwaka 1896. Kazi yake ya awali ilimkutanisha na watoto wenye ulemavu wa akili, waliofungiwa pamoja na wagonjwa watu wazima. Akaona kwamba watoto hao hawakupungukiwa dawa tu, bali kazi ya kufanya kwa mikono yao. Tarehe 6 Januari 1907, Sikukuu ya Epifania, ilifunguliwa Nyumba ya Watoto chini ya uongozi wake katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Watoto wa vibarua, ambao wazazi wao walishinda kazini, walijifunza humo kunawa, kuvaa, kuhesabu, na hata kuandika kabla ya umri wa kwenda shule. Habari zilienea upesi, na wageni wakaja kutoka mbali kuangalia.

Sifa hizo hazikumkinga na siasa. Mussolini alizisaidia shule zake, naye akaupokea msaada huo kwa miaka kadhaa, jambo ambalo walioandika maisha yake hawakulificha, wala haifai lifichwe. Mwaka 1934 alivunja uhusiano na utawala huo, na shule zake nchini Italia zikafungwa. Za Ujerumani nazo zilifungwa chini ya Hitler. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimfukuza Hispania, alikokuwa ameweka makao, akapata hifadhi Uholanzi. Alikuwa amekwisha kupita miaka 65, na kazi ya nusu ya maisha yake ilikuwa ikibomolewa nchi baada ya nchi.

Ndipo ulipokuja mwaliko wa kwenda India kufundisha walimu. Waliomwita walikuwa viongozi wa Jumuiya ya Kitheosofia, yenye makao yake Adyar, karibu na Madras, mji ambao sasa unaitwa Chennai. Yeye mwenyewe alilelewa katika Kanisa Katoliki. Aliwasili mwishoni mwa mwaka 1939 pamoja na mwanawe Mario, akitazamia kukaa miezi michache tu. Walimu mia kadhaa walikusanyika kutoka pembe zote za India, wakaketi juu ya mikeka katika vibanda vilivyoezekwa kwa makuti. Montessori alifundisha kwa Kiitalia, na Mario akatafsiri sentensi kwa sentensi kwa Kiingereza.

Pengine mtu atauliza mama asiyejua lugha ya watoto aliwezaje kuwa mwalimu wao. Jibu limo katika njia yenyewe. Mwalimu wa Montessori hasimami mbele ya darasa akihubiri. Asubuhi mtoto huingia, huchukua mkeka wake mdogo, huutandika sakafuni, kisha huchagua kazi. Mmoja humimina maji kutoka gudulia moja hadi jingine bila kuyamwaga. Mwingine hufunga na kufungua vishikizo. Mwingine hujenga mnara wa michemraba 10, mdogo kabisa ukiwa na upana wa sentimeta 1 na mkubwa sentimeta 10, na akikosea mpangilio mnara humwonyesha kosa kabla mwalimu hajafungua kinywa. Herufi zilizokatwa kwa msasa hupapaswa kwa vidole, ili mkono ujue umbo la herufi kabla ya kushika kalamu. Shanga hupangwa moja moja, kumi kumi, mia mia, hata elfu. Mwalimu huonyesha mara moja, polepole, kwa maneno machache, kisha hurudi nyuma na kutazama. Kutazama huko ndiko kugumu, na walimu wengi huona heri kusema siku nzima kuliko kunyamaza saa moja.

Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Serikali ya Waingereza iliyotawala India ikamkamata Mario na kumweka katika kambi ya Ahmednagar. Mama akaamriwa asitoke katika eneo la Adyar. Aliyekuwa kinywa chake akaondolewa. Kwa miaka mingi Mario alikuwa ametambulishwa kwa watu kama mpwa wake, kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa. Tarehe 31 Agosti mwaka huo, siku mama alipotimiza miaka 70, Makamu wa Mfalme alimfungua Mario, na katika salamu zake akamtaja waziwazi kuwa ni mwana. Lakini safari ya kurudi Ulaya haikuwezekana.

Kuanzia mwaka 1942 waliishi kama miaka miwili Kodaikanal, mji wa milimani wenye baridi, ulio zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko kulikuwa na shule ndogo ya watoto wa Kihindi pamoja na watoto wa Kizungu ambao familia zao zilikwama kwa vita, wadogo na wakubwa pamoja. Mwalimu Lena Wikramaratne wa Ceylon alishiriki kazi hiyo. Watoto walikusanya majani na mimea ya milimani, wakaipanga na kuipa majina. Nao wadogo walisikiliza masomo yaliyokusudiwa wakubwa, wakayashika kuliko ilivyotarajiwa.

Nchini humo pia Montessori aliwatazama akina mama wakiwabeba watoto wachanga kila waendako, sokoni na kazini, mtoto akiona na kusikia yote. Desturi hiyo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiafrika. Kwake ilikuwa ushahidi kwamba mtoto huanza kujifunza tangu siku ya kuzaliwa, akiyanywa mazingira yake kama ardhi inywavyo mvua. Mafundisho aliyoyatoa Ahmedabad juu ya jambo hilo yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1949.

Mwaka 1946 alirudi Uholanzi, akiacha nyuma walimu zaidi ya 1,000 waliopitia mikononi mwake. Alirejea India mwaka uliofuata, na mara tatu, kuanzia 1949 hadi 1951, alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 6 Mei 1952, huko Noordwijk kando ya bahari, alikuwa akizungumza na Mario juu ya mwaliko wa kwenda kufundisha walimu katika Afrika Magharibi, katika koloni la Gold Coast, ambalo mwaka 1957 lilikuja kuwa Ghana. Mario aliona kwamba mama yake, mwenye miaka 81, hakuwa tena na nguvu za safari hiyo. Mama alitaka kwenda. Mario alipotoka chumbani kidogo na kurudi, alimkuta amefariki kitini.