David Cuthbertson, Mpimaji wa Mkojo

Ndugu wanafunzi, nilipoanza udaktari niliwalaumu wagonjwa waliokonda baada ya kupasuliwa, nikidhani wanakataa chakula. Kosa lilikuwa langu.

Cuthbertson, mzaliwa wa Kilmarnock, Uskoti, mwaka 1900, alikwisha kulieleza jambo hilo. Mjini Glasgow alipima mkojo wa waliovunjika mifupa, na mwaka 1930 akaonyesha kuwa naitrojeni iliyopotea ilizidi ile ya mahali palipoumia: mwili mzima ulikuwa ukila misuli yake. Mwaka 1942 akaeleza vipindi viwili baada ya jeraha: kupwa, nguvu za mwili zinapofifia, kisha kujaa, mwili unapowaka na kujila. Alifariki mwaka 1989.

Tangu nimsome, naikagua sahani ya mgonjwa kama ninavyokagua kidonda chake. Nanyi, pimeni kabla ya kulaumu.