Samuel Ryder na Kikombe cha Dhahabu

Katika Uingereza ya kaskazini, karibu na mji wa Preston, kuna kijiji kiitwacho Walton-le-Dale. Huko alizaliwa Samuel Ryder, mwezi wa Machi mwaka wa 1858. Baba yake alikuwa mtunza bustani na mwuza mbegu, na mama yake alikuwa mshona nguo. Hawakuwa matajiri, walakini walikuwa watu wa bidii. Samuel alipokua alisoma katika chuo cha Manchester apate kuwa mwalimu. Lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, akaugua hata akaacha masomo kabla ya kuyamaliza. Ndipo alipoingia katika kazi ya mbegu pamoja na baba yake.

Samuel aliona ya kuwa watu wengi wa kazi, ijapokuwa mshahara wao ni mdogo, wana vijibustani nyuma ya nyumba zao, nao hupenda maua na mboga kama matajiri wapendavyo. Akawaza kuzitia mbegu katika pakiti ndogo, na kuuza kila pakiti kwa peni moja tu. Siku zile peni kumi na mbili zilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Baba yake hakulikubali shauri hilo. Basi Samuel akaondoka, akaenda London kufanya kazi kwa wafanya biashara wengine wa mbegu. Kisha akahamia mji wa St Albans, kwa kuwa mji ule ulikuwa na njia njema za reli, na mali yake ilikuwa ya kupelekwa kwa posta.

Alianza na kibanda kidogo katika bustani ya nyumba yake. Huko aliweka mbegu, na watu wa nyumbani mwake wakamsaidia kuzifunga. Pakiti zilitiwa posta siku ya Ijumaa, kusudi zimfikie mnunuzi Jumamosi. Maana Jumamosi alasiri ndipo mtu wa kazi alipopata nafasi ya kuilima bustani yake. Haba na haba hujaza kibaba. Peni zile zikawa shilingi, shilingi zikawa pauni, na kibanda kikawa nyumba kubwa yenye wafanya kazi wengi. Watu wa mji wakampenda na kumheshimu, hata mwaka wa 1905 akawa Meya wa St Albans.

Lakini kazi nyingi ilimdhoofisha. Alipokuwa na umri wa miaka hamsini hivi akawa mgonjwa, na mchungaji mmoja rafiki yake akamshauri atoke nje, apate hewa safi, ajifunze mchezo wa gofu. Katika gofu mtu hupiga kipira kidogo kwa fimbo, akikifuata katika uwanja mkubwa wenye majani, mpaka kiingie katika kitundu. Vitundu vyote ni kumi na vinane, na amalizaye kwa mapigo machache ndiye mshindi. Ryder alikuwa amechelewa sana kuanza; walakini alijifunza kama alivyofanya biashara yake, kwa saburi. Alijizoeza siku sita za juma, mvua au jua, na siku ya Jumapili alipumzika. Mwaka wa 1911 chama cha gofu cha Verulam, hapo St Albans, kilimchagua kuwa kepteni wake.

Wakati ule wachezaji wa gofu walikuwa wa namna mbili. Walikuwako mabwana waliocheza kwa kujifurahisha, na walikuwako wachezaji wa mshahara. Hawa wa pili walifundisha watu, na kutengeneza fimbo, na kupata riziki kwa mchezo. Walikuwa hodari kupita mabwana, lakini walihesabiwa kama watumishi, na mahali pengi hawakuruhusiwa kuingia katika nyumba ya chama kwa mlango wa mbele. Mwaka wa 1920 Walter Hagen, mchezaji mashuhuri wa Marekani, alikuja Deal katika Uingereza kwa mashindano makubwa. Alikatazwa kubadili nguo pamoja na mabwana, akabadili nguo ndani ya motokaa yake. Tena tangu mwaka wa 1922 mabwana wa Marekani na Uingereza walikuwa na kikombe chao cha kushindania, lakini wachezaji wa mshahara hawakuwa na kikombe kama hicho.

Ryder alijua thamani ya watu hao, kwa kuwa mwalimu wake mwenyewe alikuwa mmoja wao. Jina lake Abe Mitchell, naye alikuwa mtoto wa watu maskini. Ryder alimwajiri amfundishe, akampa mshahara mwema, ili apate pia kujizoeza kwa mashindano bila ya kuhangaikia chakula. Mwezi wa Juni mwaka wa 1926 wachezaji wa mshahara wa nchi hizo mbili walipambana huko Wentworth, na Waingereza wakapata alama 13½, Wamarekani 1½. Ryder alikuwako. Alipendezwa kuona jinsi walivyoshindana kwa nguvu, kisha wakaketi pamoja kwa urafiki. Akakubali kutoa kikombe, ili mapambano hayo yasiwe ya mara moja tu.

Kikombe kikafanywa cha dhahabu, na thamani yake ilikuwa pauni 250. Juu ya kifuniko chake pana sanamu ndogo ya mtu ashikaye fimbo ya gofu, na mtu huyo ni Abe Mitchell. Hivyo mchezaji wa mshahara aliwekwa juu ya dhahabu.

Mwaka wa 1927 Waingereza walisafiri kwa meli Aquitania kwenda Marekani, na nauli yao ilitoka katika michango ya watu. Mitchell alikuwa awaongoze, lakini siku ya safari alipatwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akabaki. Huko Worcester, katika jimbo la Massachusetts, Wamarekani wakashinda kwa alama 9½ kwa 2½. Mwaka wa 1929, huko Moortown karibu na Leeds, Waingereza wakalipiza kwa alama 7 kwa 5. Mwaka wa 1931 Wamarekani wakashinda tena kwao.

Mwaka wa 1933 walikutana Southport. Alama zikawa sawasawa, wakabaki watu wawili tu katika kitundu cha mwisho: Syd Easterbrook wa Uingereza na Denny Shute wa Marekani. Mamia ya watu walisimama kimya. Shute akapiga, kipira kikapita kitundu. Akapiga tena, akakosa. Easterbrook akapiga, kipira kikaingia. Hivyo kazi ya siku mbili ilikatwa kwa pigo moja dogo, na kikombe kikabaki Uingereza.

Samuel Ryder alikufa tarehe 2 Januari mwaka wa 1936, mwenye umri wa miaka 77. Akazikwa St Albans, na fimbo aliyoipenda ikatiwa kaburini pamoja naye.

Vita kuu ya pili ikayasimamisha mashindano. Baada ya vita Waingereza hawakuwa na fedha za safari, lakini mwaka wa 1947 mfanya biashara mmoja wa Portland, katika Marekani, aliwalipia gharama zao, mashindano yakaanza tena. Tangu mwaka wa 1979 wachezaji wa nchi nyingine za Ulaya wamejiunga na Waingereza. Hata leo mataifa hukishindania Kikombe cha Ryder, na sanamu ya Mitchell ingali juu yake.

Ryder hakuwa bingwa wa gofu, wala hakuzaliwa katika mali. Lakini hakuidharau peni ya maskini, wala hakumdharau mtu apataye riziki kwa mikono yake. Kwa peni zile alipata mali, na kwa mali ile aliwapa heshima watu waliokuwa wakipitishwa mlango wa nyuma.