Askofu Mkuu Janani Luwum na Utawala wa Idi Amin

Uhuru wa kuabudu mara nyingi hupimwa kwa kutazama iwapo makanisa yako wazi siku ya Jumapili. Kwa kipimo hicho, Waanglikana wa Uganda katika miaka ya 1970 wangehesabiwa kuwa huru, kwani ibada ziliendelea na maaskofu walialikwa katika sherehe za serikali. Maisha ya hayati Askofu Mkuu Janani Luwum yanaonyesha upungufu wa kipimo hicho.

Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 katika kijiji cha Mucwini, wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa Mwacholi wa familia ya Kikristo isiyo na mali. Utotoni alichunga mifugo, na alianza shule akiwa amechelewa. Hata hivyo, bidii yake ilimfikisha katika chuo cha ualimu cha Boroboro, karibu na Lira, na hatimaye akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Mwezi wa Januari 1948 aliokoka kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu ambalo wafuasi wake nchini Uganda huitwa Balokole. Wafuasi hao walifundishwa kutubu hadharani na kukemea dhambi bila kujali cheo cha mtenda. Mafunzo hayo yalimjenga Luwum. Mwaka wa 1949 alijiunga na chuo cha theolojia cha Buwalasi, akapewa ushemasi mwaka wa 1955 na ukasisi mwaka wa 1956. Baada ya masomo zaidi nchini Uingereza, alirejea kuwa mkuu wa chuo hichohicho cha Buwalasi, kisha akawa katibu wa jimbo la kanisa. Mwaka wa 1969 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Uganda Kaskazini mjini Gulu. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa Rais Milton Obote na mkuu wake wa jeshi, Idi Amin.

Tarehe 25 Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Wanajeshi wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini, na wajane wao wakabaki katika dayosisi ya Luwum. Mwezi wa Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani mchana kweupe, asionekane tena. Luwum alipofanywa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire mwaka wa 1974, kutoweka kwa watu kulikuwa jambo la kila siku.

Mbinu aliyoichagua ilizua lawama. Luwum hakuvunja uhusiano na Ikulu. Alihudhuria shughuli za serikali, na baadhi ya waumini waliona kwamba amefuata usemi wa wahenga kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Lakini ukaribu huo ndio uliompa nafasi ya kwenda mwenyewe katika ofisi za majasusi kuulizia waliopotea. Mchungaji ambaye angefunga mlango huo angekuwa na usafi wa jina, lakini familia za waliokamatwa zingekosa wa kuwasemea. Mwaka wa 1976 alikutana na viongozi wa Kikatoliki na Kiislamu kujadili usalama wa raia. Kikao hicho kilimghadhabisha Amin, kwani dini zilizogawanyika zilikuwa rahisi kutawala kuliko dini zilizoketi pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia makazi yake huko Namirembe. Walikuwa na mtu aliyepigwa na kutiwa pingu, wakamtumia ili mlango ufunguliwe. Walipekua nyumba nzima wakitafuta silaha, wasizipate. Tangu mwaka wa 1973 Amin alikuwa amekifanya Kiswahili lugha ya taifa kwa amri. Kwa raia wengi kilibaki kuwa lugha ya askari wabishao hodi usiku.

Maaskofu walijibu kwa barua ya pamoja kwa Rais. Hawakulalamikia upekuzi huo peke yake. Walitaja mauaji na kutoweka kwa raia, na kueleza kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa Askofu Mkuu iliwaelekea Wakristo wote. Waliomshauri Luwum akimbilie uhamishoni hakuwakubalia.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa katika hoteli ya Nile Mansions jijini Kampala. Mbele ya umati wa wanajeshi, ilisomwa taarifa iliyomhusisha Luwum na njama za Obote. Wenzake waliruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Siku iliyofuata redio ya taifa ilitangaza kwamba amefariki katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Maiti yake ilipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari. Waliolifungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Huko Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka wa 1885 katika enzi ya Kabaka Mwanga. Serikali ilikataa kuutoa mwili. Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 20 Februari maelfu ya waumini walifurika katika kanisa kuu, kisha wakasimama kando ya kaburi tupu wakiimba.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Amin alipiga marufuku zaidi ya makundi 20 ya Kikristo. Utawala wake uliangushwa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania likishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni. Sanamu ya Luwum imesimama katika Westminster Abbey, London, tangu mwaka wa 1998, na tangu mwaka wa 2015 Uganda huiadhimisha tarehe 16 Februari kama sikukuu ya taifa.

Luwum hakuuawa kwa sababu ya kusali. Ibada zake zilivumiliwa hadi alipoziunganisha na hatima ya watu waliotoweka. Utawala uliomruhusu kuwaombea wafu madhabahuni haukumruhusu kuuliza ni nani aliyewaua.