Thomas Rowlandson: Mchoraji aliyewacheka wakubwa ndani ya maji ya moto

Kutoka Namuwongo, jijini Kampala, hadi Kitagata wilayani Sheema ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Wapo wanaoifunga safari hiyo kwa ajili ya maumivu ya viungo, wakaketi pamoja katika chemchemi ya maji moto mchana kweupe, wakitumaini kupona. Desturi ya namna hiyo ilitia fora Uingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita, na mchoraji Thomas Rowlandson aliigeuza kuwa kioo cha kuwaonyesha wakubwa sura zao.

Rowlandson alizaliwa London katika miaka ya 1750. Baba yake, mfanyabiashara wa vitambaa, alifilisika mtoto akiwa bado mdogo, naye akalelewa na ami yake na mke wa ami huyo. Mwaka 1772 alijiunga na shule ya Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Mlezi wake alipofariki mwaka 1789 alimwachia urithi, lakini fedha hizo ziliteketea katika kamari. Tangu hapo kalamu na rangi ndizo zilizomlisha.

Mwaka 1798 zilichapishwa picha zake 12 kuhusu Bath, mji wa magharibi mwa Uingereza ambao chemchemi zake zilijengewa mabirika tangu enzi za Warumi. Matajiri walimiminika huko, wengine kutafuta tiba, wengine kutafuta wachumba na sifa. Mhusika wake mkuu ni mzee mnene mwenye jongo, mguu umeviringwa bendeji. Katika picha moja amezungukwa na matabibu. Katika nyingine yuko mezani, akila na kunywa vilevile vilivyomletea maradhi.

Picha ya birika lililoitwa la Mfalme ndiyo inayochoma zaidi. Wanaume na wanawake wamezama pamoja, vichwa na kofia vikielea juu ya maji, huku watazamaji wakiwakodolea macho kutoka juu. Cheo hakionekani tena. Kilichobaki ni miili inayougua. Picha ya mwisho inawaonyesha wagonjwa wakibiringika mlimani na viti vyao vya magurudumu.

Rowlandson alifariki London mwezi Aprili 1827. Kejeli yake haikuwalenga wagonjwa kwa kuwa wagonjwa, bali majivuno yaliyowafuata hadi majini.

Kitagata nako kuna kumbukumbu ya vyeo. Chemchemi moja inaitwa Ekyomugabe, kwa kuwa ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ya pili, wanamojitosa watu wa kawaida, imepewa jina la hospitali kuu ya Kampala: Mulago. Binadamu waliyatenga maji kwa majina. Maumivu ya viungo hayakumbagua mfalme wala raia.