Bakhita, Mtumwa Aliyepoteza Jina Lake

Yosefina Bakhita, ambaye Kanisa lilimwandika kati ya watakatifu mwaka 2000, alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika Darfur, magharibi ya Sudani. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Alipokuwa na miaka saba au minane, watu wawili wenye silaha walimkamata karibu na kijiji chao, na kwa hofu iliyomshika akalisahau jina lake mwenyewe. Wezi hao wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu ni mwenye bahati. Lilikuwa jina la dhihaka, nalo likamkalia maisha yake yote.

Alitembezwa kwa miguu mpaka El Obeid, akauzwa, kisha akauzwa tena. Mara moja alitoroka pamoja na msichana mwenziwe, wakakimbia usiku porini. Mtu mmoja akajifanya kuwasaidia, kumbe awafungie katika zizi la kondoo na kuwauza. Katika nyumba moja alivunja chombo, akapigwa hata asiweze kuinuka kitandani muda wa mwezi. Katika nyumba ya jemadari wa Kituruki alichanjwa mwilini kwa wembe, chanjo 114, na chumvi ikatiwa vidondani ili makovu yasifutike.

Mwaka 1883 alinunuliwa huko Khartoum na konsuli wa Italia, Callisto Legnani, bwana wa kwanza asiyemchapa. Alifuatana naye mpaka Italia mwaka 1885, na huko akatolewa zawadi kwa mke wa Bwana Michieli, kama mtu atoavyo kitambaa. Baadaye akawa yaya wa binti yao, Mimmina. Bibi huyo aliposafiri kwenda Suakin mwaka 1888, yaya na mtoto waliachwa Venezia kwa Masista wa Canossa, na Bakhita akaanza kufundishwa katekisimu.

Bibi Michieli aliporudi kuwachukua, Bakhita alikataa kwenda. Mtu asidhani ya kuwa jambo hilo lilikuwa jepesi. Hakuwa na ndugu wala fedha katika nchi ile. Nyumba ya Michieli ndiyo iliyompa chakula na makao. Naye alimpenda Mimmina kama mtoto wake wa kumzaa. Tena, ni wapi angalijifunza kukataa, yeye aliyezoezwa utii kwa kiboko? Akasimama mbele ya Patriarka wa Venezia na mwakilishi wa mfalme, moyo ukimwuma, asibadili neno. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa ya kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa. Basi yeye ni mtu huru.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaweka nadhiri mwaka 1896. Mwaka 1902 alipelekwa Schio, mji wa viwanda vya sufu. Huko alipika, akashona, akatunza sakristia, akawafungulia mlango maskini na watoto wa shule. Kazi hizo ndogo zilijaza karibu miaka yake yote iliyobaki, na watu wa mji wakampenda mno.

Katika ugonjwa wake wa mwisho alijiona tena utumwani. Akamsihi sista aliyemwuguza ailegeze minyororo miguuni mwake, kwa kuwa ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947.