Seremala John Harrison na somo la fedha za utafiti kwa Pwani yetu



Hivi majuzi nilihudhuria kikao kimoja hapa Pwani kilichoitishwa kuzungumzia fedha za utafiti: vipi zielekezwe kwenye usafiri usiochafua bahari na kwenye utalii utakaowafaa wenyeji. Wasemaji walikuwa wengi na chai ilikuwa nzuri. Karibu na kufunga, fundi mmoja wa mashua, mtu wa makamo, alisimama akaeleza wazo lake. Anataka kufunga mota ya umeme wa jua kwenye mashua ya tanga bila kuharibu mkuku wake, ili abiria na watalii wavushwe bila moshi na bila mafuta kumwagikia matumbawe. Aliulizwa ana shahada gani na anatoka chuo kipi. Akanyamaza, akaketi, na kikao kikaendelea.

Nilirudi nyumbani na uchungu. Mimi mwenyewe nina diploma tu, na fomu waliyotugawia siku ile nisingeweza kuijaza. Usiku huo nilimkumbuka John Harrison, seremala wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1776. Maisha yake nayasimulia leo kwa sababu yanaonyesha fedha za umma zinavyoweza kuibua elimu kubwa, na jinsi wanaozisimamia wanavyoweza kumzungusha yule yule aliyeileta.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire, baba yake akiwa seremala. Alikulia Barrow, kijiji kilicho kando ya mto Humber. Chuo hakukiona. Alishika randa na patasi kwa baba yake, na alipofika umri wa miaka 20 alikuwa ameshaunda saa kubwa ya kusimama ambayo magurudumu yake yalikuwa ya mbao. Miaka michache baadaye aliunda saa ya mnara katika shamba la tajiri mmoja, Brocklesby Park. Saa hiyo haihitaji kutiwa mafuta, kwa sababu sehemu zinazosuguana alizichonga kwa mti mgumu wenye mafuta yake yenyewe. Mpaka leo inafanya kazi. Yeyote aliyewahi kumwona fundi wa Lamu akizunguka na kutafuta tawi lililojikunja lenyewe ili alichonge taruma atamwelewa Harrison mara moja. Ujuzi wake ulianza kwa kuujua mti.

Sasa tulitazame tatizo lililomtoa kijijini. Manahodha wa bahari yetu walijua zamani kupima latitudo. Kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo, chombo walichokiita al-kamal, walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari wakajua wako umbali gani kaskazini au kusini. Kujua uko umbali gani mashariki au magharibi, yaani longitudo, lilikuwa jambo jingine. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, ambazo ni digrii 15 kila saa. Ukitazama jua ukajua wakati wa pale ulipo, na ukawa na saa inayoshika wakati wa bandari uliyotoka, tofauti ya nyakati hizo mbili inakupa longitudo. Hesabu ni nyepesi. Kilichokosekana ni saa ambayo mawimbi, joto, baridi na unyevu havitaiyumbisha.

Kukosa longitudo kuliua watu. Mwezi Oktoba 1707, manowari nne za Uingereza chini ya Admeri Cloudesley Shovell zilikosea mahali zilipo, zikagonga miamba ya visiwa vya Scilly. Walikufa watu zaidi ya 1,000 wakiwa karibu na kwao.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kutoa tuzo ya fedha za umma. Njia ya kupata longitudo isiyokosea zaidi ya digrii moja ingelipwa pauni 10,000. Isiyokosea zaidi ya nusu digrii ingelipwa pauni 20,000, utajiri mkubwa kwa zama zile. Njia hiyo ingejaribiwa kwa safari ya kweli hadi visiwa vya Karibi. Ikaundwa Bodi ya Longitudo, iliyopewa pia uwezo wa kutoa fedha kidogo kwa majaribio ya awali.

Angalia vizuri sheria hiyo ilivyoandikwa. Ilitaja tatizo na ikataja kipimo. Haikusema mshindi awe na shahada gani wala awe mtu wa chuo kipi. Ni mlango huo ulioachwa wazi ndio uliomwingiza seremala wa kijijini.

Kasoro ilikuwa kwenye waamuzi. Ndani ya Bodi walikaa maadmeri, wabunge na maprofesa wa hisabati na falaki. Wanafalaki wengi waliamini jibu litatoka mbinguni, kwa kupima mwendo wa mwezi miongoni mwa nyota. Hata Isaac Newton, aliyeombwa ushauri na Bunge, alitilia shaka kama saa ya aina hiyo ingeweza kuundwa.

Karibu na mwaka 1730 Harrison alifika London na michoro yake. Edmond Halley, mwanafalaki mkuu wa mfalme, alikuwa muungwana. Alijua yeye si mtu wa saa, akamwelekeza kwa George Graham, mtengenezaji saa aliyeheshimika kuliko wote mjini. Graham alimsikiliza, kisha akamkopesha fedha bila riba. Nasi Waislamu tunajua uzito wa mkopo wa namna hiyo.

Saa ya kwanza ya baharini ilikamilika mwaka 1735, zigo la shaba la kilo 34 hivi. Mwaka uliofuata ilipelekwa Lisbon kwa merikebu. Wakati wa kurudi, maofisa walipoiona pwani ya Uingereza walidhani wako mahali fulani. Harrison akawaambia la, wako maili 60 hivi mbali na hapo. Ikaonekana yeye ndiye aliyesema kweli.

Bodi ilipokutana mwaka 1737 angeweza kudai safari ya majaribio ya Karibi. Badala yake alisimama akataja mwenyewe kasoro za saa yake, akaomba msaada wa kuunda nyingine. Akaidhinishiwa pauni 500. Hapo ndipo ninapompenda mtu huyu. Ni watafiti wangapi wanaosimama mbele ya mfadhili wakaanza na makosa yao?

Saa ya pili hakuridhika nayo. Ya tatu ilimla miaka 19. Kila mara aliirudia Bodi, na mara kadhaa ilimpa fedha za kuendelea. Kutoka kwenye saa hiyo ya tatu dunia ilipata vitu viwili ambavyo bado tunavitumia: ukanda wa metali mbili zilizounganishwa, unaojipinda kwa joto, ambao umo katika pasi nyingi za umeme majumbani mwetu, na beringi ambazo magurudumu yake madogo yamefungiwa ndani ya kizimba. Ndivyo utafiti unavyokwenda. Unatafuta jambo moja, na njiani unaokota mawili ambayo hukuyaomba.

Kisha, mwaka 1759, akafanya jambo la ajabu. Aliacha mashine kubwa akaunda saa ya kushika mkononi, upana wake sentimita 13, ndani yake mna almasi na yakuti. Alikuwa na umri wa miaka 66. Novemba 1761 mwanawe William akasafiri nayo hadi Jamaica. Walipofika, baada ya kufanya hesabu, saa ilikuwa imepoteza sekunde tano tu. Bodi ikasema ni bahati, na kwamba longitudo ya Jamaica kwenyewe haijulikani sawasawa.

Mwaka 1764 safari ikarudiwa, mara hii hadi Barbados. Baada ya siku 47 saa ilikosea kwa sekunde 39, sawa na maili zisizofika 10. Sheria iliruhusu maili 30. Kwa maandishi ya sheria, tuzo yote ilikuwa yake.

Miongoni mwa waliotumwa Barbados kupima longitudo ya kisiwa alikuwa Nevil Maskelyne, kasisi na mwanafalaki ambaye mwenyewe alikuwa akiipigania njia ya mwezi. Mwaka 1765 akateuliwa mwanafalaki mkuu wa mfalme, na kwa cheo hicho akaingia ndani ya Bodi. Mshindani akawa hakimu. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa mchezo ukiwa umeshachezwa: Harrison apewe nusu ya tuzo akiifungua saa yake na kuzieleza siri zake zote, na nusu ya pili asubiri mpaka saa nyingine za aina hiyo ziundwe na kujaribiwa. Mashine zake zikachukuliwa. Ya kwanza iliangushwa na wachukuzi, kisha zote zikapelekwa Greenwich kwa mkokoteni usio na springi. Baada ya majaribio huko, Maskelyne akaandika kwamba ile saa ndogo haiaminiki.

Tusimwonee Maskelyne. Majedwali ya mwezi aliyoanza kuyachapisha yaliokoa mabaharia wengi, kwa sababu kitabu kilikuwa rahisi kununua na saa ilikuwa ghali mno. Bodi nayo ilikuwa na hoja: saa moja iliyoundwa na mtu mmoja haiwezi kuongoza merikebu zote za taifa. Lakini hoja nzuri huharibika inapotolewa na mtu mwenye maslahi, tena baada ya ahadi kuvunjwa.

Harrison aliunda saa ya tano akiwa mzee. Mwaka 1772 Mfalme George wa Tatu aliijaribu mwenyewe kwenye chumba chake cha falaki akaona ni ya kweli. Mwaka 1773 Bunge, si Bodi, likamlipa pauni 8,750. Alikuwa na miaka 80. Tuzo yenyewe kwa jina lake haikuwahi kutolewa rasmi kwa mtu yeyote. Wakati huo James Cook alikuwa baharini na nakala ya saa ile ndogo, iliyoundwa na Larcum Kendall, na aliporudi mwaka 1775 alikuwa ameiamini kabisa. Mwaka mmoja baadaye, Machi 1776, Harrison akafariki. Saa zake nyingi za baharini ziko Greenwich, na watalii huvuka bahari kwenda kuzitazama. Mtu aliyezungushwa miaka 40 sasa analiletea taifa lake wageni.

Kuna upande mwingine ambao mtu wa Pwani hawezi kuufumbia macho. Jamaica na Barbados hazikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake. Vilikuwa visiwa vya sukari iliyolimwa na watumwa kutoka Afrika, na usafiri salama wa merikebu ulikuwa usalama wa biashara hiyo pia. Saa hizo zilifika hata kwetu. Nahodha William Owen, aliyeingia Mombasa mwaka 1824 na kuuweka mji chini ya ulinzi wa Uingereza, alikuwa kwenye kazi ya kuchora ramani ya pwani ya Afrika akitumia saa za baharini. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama utafiti umefaulu. Tuulize umefaulu kwa ajili ya nani.

Turudi kwenye kile kikao. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inalenga asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Hatujafika huko. Kwa hiyo hicho kidogo kilichopo kina thamani zaidi, na ni haki yetu kusema kielekezwe wapi.

Mimi naomba mambo matatu. La kwanza, fedha ziandikiwe tatizo kabla ya kuandikiwa mtu. Isemwe wazi: tunataka chombo kinachovusha abiria kadhaa kati ya Lamu na Manda, au kinachowapeleka watalii kutazama matumbawe ya Watamu, kisichotoa moshi, kinachotengenezeka hapa hapa, kwa gharama fulani. Kisha kijaribiwe baharini, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, mbele ya watu. La pili, mwenye njia yake mwenyewe asiwe hakimu wa njia za wenzake. La tatu, fundi aandikwe pamoja na msomi. Tuna taasisi ya utafiti wa bahari Mombasa, tuna vyuo vikuu Mombasa na Kilifi. Wao wapime, waandike na wachapishe. Yeye aunde, na jina lake liwemo.

Wala si ndoto. Mafundi wa Lamu waliunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar. Dunia nzima ililizungumzia. Kilichoelea pale kilikuwa ni ujuzi wa tezo na keekee uliorithiwa baba kwa mwana.

Yule fundi wa kikaoni nilimfuata nje tukabadilishana nambari za simu. Juzi alinipigia kuniambia ameanza kuijaribu mota yake kwenye mashua kuukuu ya shemeji yake, kwa fedha za mfukoni, na kwamba betri ndiyo inayomsumbua. Nikamsimulia habari za Harrison. Akaniuliza alilipwa akiwa na umri gani. Nilipomwambia miaka 80, alicheka, kisha akasema yeye ana watoto shuleni na hawezi kungoja kiasi hicho.