Thomas Huxley na Mfupa wa Ndege wa Kale

Thomas Henry Huxley alizaliwa Ealing, karibu na London, tarehe 4 Mei 1825. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini mali yake ilikuwa chache, na mtoto akasoma shuleni miaka miwili tu. Walakini hakukubali kubaki mjinga. Alijifundisha mwenyewe kwa vitabu, hata akaweza kusoma Kijerumani pasipo mwalimu.

Alipokuwa kijana aliwekwa kwa matabibu apate kujifunza kazi yao, na mwaka 1842 akapewa nafasi ya kusoma bure katika hospitali ya Charing Cross. Mwaka 1845, kabla hajamaliza masomo yake yote, alitangaza kwamba ameona katika shina la unywele tabaka moja nyembamba ambayo wakubwa wake hawakuitambua. Tabaka hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo.

Kisha fedha zikamwishia. Mwaka 1846 akaingia katika marikebu ya serikali iitwayo Rattlesnake, awe tabibu msaidizi, nayo ikasafiri kwenda kupima bahari za Australia na New Guinea. Wengine walipopumzika, Huxley alichunguza viwavi vya baharini na viumbe vingine laini vilivyonaswa majini, akapeleka habari zao Uingereza. Katika mji wa Sydney alimposa Henrietta Heathorn, lakini hakuwa na mali ya kumwolea.

Aliporudi mwaka 1850 alikuta jina lake limekuwa kubwa. Mwaka uliofuata, naye ana umri wa miaka 26, alikubaliwa katika chama cha wataalamu wakuu wa Uingereza. Lakini heshima haijazi chungu. Aliomba kazi huku na huku, akakataliwa kila mahali, na mchumba wake alikuwa akimngoja ng'ambo ya bahari. Mwaka 1854 serikali ikamwamuru arudi baharini. Akakataa kuiacha kazi aliyokwisha ianza, na jina lake likafutwa katika daftari. Mwaka ule ule akapata kazi ya kufundisha katika Chuo cha Madini mjini London, na mwaka 1855 wakaoana, baada ya kungojana miaka minane.

Kazi hiyo mpya ilimtaka ashughulike na mifupa ya kale iliyogeuka mawe, jambo ambalo mwanzoni hakulipenda hata kidogo. Hata hivyo aliifanya kwa bidii, ikawa kazi yake kwa miaka mingi.

Ikatokea kwamba Walter Mantell, Mwingereza aliyekaa New Zealand, alipata mfupa mmoja uliotoka katika mawe ya chokaa ya Kakanui, nao ukafika mikononi mwa Huxley. Ulikuwa mfupa wa mguu wa ndege, ulio juu ya vidole. Mtu akimtazama kuku ataona sehemu ya mguu isiyo na manyoya, yenye magamba. Ndani yake mna mfupa wa namna hiyo. Kwa kuku ni mrefu na mwembamba. Lakini ule wa Kakanui ulikuwa mfupi na mpana, na ulionyesha wazi kwamba ni mifupa mitatu iliyoungana pamoja. Huxley aliulinganisha na mifupa ya ndege walio hai, akatambua kwamba ni wa pengwini, yule ndege wa kusini asiyeruka, apigaye mbizi baharini kwa mbawa zake. Tena, kwa kuupima, akakadiria kwamba ndege huyo alisimama kimo cha futi 4 hata 5, kupita karibu pengwini wote wa leo.

Mwaka 1859 aliandika habari zake, akamwita Palaeeudyptes antarcticus, yaani mpiga mbizi hodari wa kale wa kusini. Huyo ndiye pengwini wa kwanza wa kale kuelezwa na wataalamu. Watu wengine wangaliweza kuudhania mfupa ule kuwa jiwe tu. Mifupa mingi zaidi imechimbwa tangu hapo, na mwaka 2023 wataalamu walieleza pengwini wa New Zealand aliyekadiriwa kuwa na uzito wa kilo 150 hivi. Basi Huxley hakukosea kusema kwamba zamani palikuwa na pengwini wakubwa.

Hakuficha elimu yake. Aliwafundisha mafundi na vibarua wa London kwa maneno mepesi, na mwaka 1870 akachaguliwa katika halmashauri ya shule za mji huo, ili watoto wa maskini wasikose masomo kama alivyokosa yeye. Alifariki Eastbourne tarehe 29 Juni 1895.

Kijana asiyekuwa na shule alikuja kuwa mwalimu wa wengi, na mfupa mmoja ulimtosha kumjua ndege ambaye hakuna mtu aliyepata kumwona. Atazamaye kwa makini na kulinganisha kwa subira hujifunza mengi hata kwa kitu kidogo.